Kupiga picha za anga kwa darubini ya bei nafuu: mwanga, mwendo na mfuko mdogo

Funga darubini yenye urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo au lenzi kuu hadi mahali picha inapokutana) wa milimita 1,000 kwenye nguzo ya zege isiyotikisika, ilenge nyota iliyo karibu na ikweta ya anga, unganisha kamera nyuma yake, kisha fungua shata, yaani kilango cha kamera kinachoruhusu mwanga kuingia, kwa sekunde moja tu. Nyota haitatoka kuwa nukta. Itatoka kuwa kistari. Dunia inazunguka nyuzi 15 kila saa, na darubini huukuza mzunguko huo sawasawa na inavyoikuza nyota yenyewe. Kwa kamera yenye pikseli za mikromita 4, nyota hiyo itakuwa imevuka pikseli zipatazo 18 kabla shata haijafunga.

Hesabu hiyo ndogo ndiyo inayopanga bei ya karibu kila kifaa cha kupigia picha za anga. Anayeanza huuliza kwanza ni darubini ipi inayokuza zaidi, akatumia akiba yake yote kununua bomba, kisha akashangaa kwamba picha hazitoki. Bomba zuri la kuanzia halina gharama kubwa. Kinachomeza pesa ni stendi yenye mota inayoweza kulifuata anga kwa usahihi, dakika baada ya dakika, bila kuyumba. Kwa hiyo mwenye mfuko mdogo asianze kwa kuchagua kifaa. Achague kwanza kitu cha angani chenye mwanga wa kutosha kupigwa picha kabla Dunia haijasogea, ndipo atafute kifaa cha chini kabisa kinachoifanya kazi hiyo vizuri.

Vitu vya angani, kwa mpiga picha, ni vya namna mbili. Kuna vinavyong'aa sana: Mwezi, Jua na sayari kubwa. Hivi vinahitaji sehemu ndogo tu ya sekunde, na stendi isiyo na mota inatosha. Kisha kuna vilivyofifia: mawingu ya gesi, vishada vya nyota na galaksi. Watu hudhani hivi vya pili havionekani kwa sababu ni vidogo, na kumbe vingi ni vikubwa ajabu. Galaksi ya Andromeda hutanda angani kwa nyuzi zipatazo tatu, yaani upana wa Miezi sita iliyopangwa mstari mmoja. Nyota za Kilimia zimetawanyika eneo pana kiasi kwamba darubini nyingi haziwezi kuzibeba zote ndani ya picha moja. Havihitaji kukuzwa sana. Vinahitaji kukusanyiwa mwanga kwa muda mrefu.

Tofauti hiyo ni ya zamani kama upigaji picha wenyewe. John William Draper aliunasa Mwezi kwenye bamba la fedha mjini New York mwaka 1840, wakati mabamba yalikuwa mazito kupokea mwanga. Mwanawe, Henry Draper, ndiye aliyepiga picha ya kwanza ya wingu la gesi, lile la kundi la Jabari, tarehe 30 Septemba 1880. Aliacha bamba likipokea mwanga kwa dakika 51, huku darubini yake ikisukumwa na mtambo wa saa ili ilifuate anga. Kati ya baba na mwana kulikuwa na miaka 40 ya maendeleo ya kemikali, lakini bila mtambo wa saa zile dakika 51 zisingezaa chochote. Kamera ya kidijitali ya leo hunasa kiini cha wingu hilohilo kwa sekunde chache. Kanuni ya mwendo haijabadilika.

Anza na Mwezi, na ukae nao

Mwezi ni mwamba unaomulikwa na Jua mchana kweupe, hata kama wewe uko usiku. Ndiyo maana mipangilio yake inafanana na ya picha za mchana. Wapiga picha wana kanuni ya siku nyingi kwa Mwezi mpevu: kwa f/11, muda wa shata uwe sawa na moja gawanya kwa ISO (namba ya wepesi wa kamera kupokea mwanga), yaani ISO 100 kwa sehemu ya mia moja ya sekunde. Namba ya f ya darubini ni urefu wake wa fokasi ukigawanywa kwa kipenyo chake; darubini ya milimita 1,000 yenye kioo cha milimita 114 ni f/8.8. Kwa muda mfupi kiasi hicho Dunia haipati nafasi ya kuharibu picha.

Tena kipenyo hichohicho cha milimita 114 kinaweza kutenganisha vitu vilivyo umbali wa takribani sekunde moja ya tao. Wanaastronomia hugawa uzi mmoja wa anga kwa dakika 60 za tao, na kila dakika kwa sekunde 60. Kwenye uso wa Mwezi, sekunde moja ya tao ni sawa na kilomita 1.9 hivi. Fikiria maana yake: kwa kioo cha ukubwa wa sahani ndogo, mtu aliyesimama uani anaweza kupiga picha ya shimo lenye upana wa kilomita chache kwenye dunia nyingine iliyo umbali wa kilomita 384,400. Shimo la Copernicus, lenye upana wa kilomita 93, litaonyesha kuta zake zilizojipanga ngazi kwa ngazi na vilima vilivyo katikati yake.

Siku ya Mwezi mpevu ndiyo inayowavutia wengi, na kwa picha ndiyo mbaya kuliko zote. Jua linaupiga Mwezi usoni moja kwa moja, vivuli vinapotea na kila kitu kinakuwa bapa. Subiri Mwezi nusu, au siku mbili tatu kabla na baada yake, kisha elekeza darubini kwenye mstari unaotenganisha nuru na giza. Pale mwanga unapita mshazari, kila kilima kinatupa kivuli kirefu na kila shimo linaonyesha kina chake. Eneo hilo lina mwanga hafifu zaidi, kwa hiyo ongeza muda wa shata kidogo kidogo mpaka vilima vionekane bila sehemu yenye nuru kuungua na kuwa nyeupe tupu.

Kifaa cha kwanza unacho tayari, nacho ni simu. Weka lenzi ya jicho isiyokuza sana, ya milimita 25 kwa mfano, pata Mwezi, ukaze fokasi kwa jicho lako, kisha sogeza kamera ya simu kwenye lenzi hiyo. Kuna umbali mmoja tu ambapo duara lote la mwanga linajaa kwenye kioo cha simu. Ukikaribia mno au ukirudi nyuma kidogo, giza linakula kingo. Mkono haushiki umbali huo kwa uthabiti, ndiyo maana kishikio cha simu kinachobana kwenye lenzi ya jicho ndicho kitu cha kwanza ningependekeza mtu anunue. Ni cha bei ndogo na kinabadilisha matokeo papo hapo. Baada ya hapo, funga fokasi na mwanga kwenye programu ya kamera ili simu isijiamulie yenyewe, punguza mwanga mpaka mashimo ya Mwezi yaonekane, na tumia kipima muda cha sekunde tatu ili mtikisiko wa kidole upoe kabla shata haijafunguka. Simu nyingi zenye tundu la vifaa vya masikioni hukubali kupiga picha kwa kitufe cha sauti kilicho kwenye waya. Hapo huigusi simu kabisa.

Kabla ya yote hayo, toa darubini nje mapema. Kioo chenye joto la ndani ya nyumba huchemsha hewa iliyo mbele yake, na picha hucheza hata kama anga limetulia. Nusu saa hadi saa moja hutosha kwa darubini ndogo. Ni hatua isiyogharimu chochote, na wengi huiruka.

Kamera inapogoma kupata fokasi

Hatua inayofuata ni kutoa lenzi ya jicho na kufunga kamera moja kwa moja kwenye darubini, ili darubini yenyewe iwe ndiyo lenzi ya kamera. Kamera ya lenzi za kubadilisha iliyotumika, hata ya miaka kumi na mitano iliyopita, inafaa sana. Utahitaji pete ya kuunganisha inayolingana na aina ya kamera yako, pamoja na bomba fupi linaloingia mahali pa lenzi ya jicho, ambapo kipimo cha kawaida ni milimita 31.75.

Ukubwa wa Mwezi kwenye kihisi, yaani kipande cha kamera kinachopokea mwanga, hupatikana kwa kugawa urefu wa fokasi kwa 110. Darubini ya milimita 1,000 huweka Mwezi wenye kipenyo cha milimita 9. Kihisi cha kamera nyingi za bei ya kati kina takribani milimita 23 kwa 15, kwa hiyo Mwezi mzima unaingia na nafasi inabaki.

Hapa ndipo wengi hukwama, hasa wenye darubini za vioo za mtindo wa Newton. Kamera inaingia vizuri, lakini ukizungusha kitasa cha fokasi mpaka mwisho wa ndani, picha inabaki na ukungu. Darubini haijaharibika. Kihisi kimekaa ndani sana ya mwili wa kamera, milimita 44 nyuma ya mdomo wake kwa kamera za Canon za aina ya EF, na darubini nyingi za bei nafuu zimeundwa kwa jicho tu, hivyo mahali picha inapokutana hapafiki huko nyuma. Dawa ya haraka ni lenzi ya Barlow ya kukuza mara mbili, kwa sababu husogeza mahali pa fokasi nje. Dawa ya pili ni kukipandisha kioo kikuu ndani ya bomba kwa skrubu ndefu zaidi, kazi inayohitaji uvumilivu na kuvipanga vioo upya. Ya tatu ni kutumia kamera ndogo ya sayari, ile inayoingia kwenye tundu la lenzi ya jicho na kuunganishwa na kompyuta kwa waya. Kihisi chake kiko karibu na mdomo, na fokasi hupatikana bila shida. Kabla ya kununua darubini ya kioo kwa ajili ya picha, ulizia jambo hili moja.

Sayari hupigwa kwa video

Mshtarii, ambayo wengi huiita Jupita, ni sayari kubwa kuliko zote, lakini kutoka hapa haizidi sekunde 50 za tao. Mwezi una takribani 1,860. Kwa darubini yetu ya milimita 1,000, Mshtarii inachukua chini ya robo milimita kwenye kihisi, kama pikseli 60 kwa upana. Mirihi hufikia 25 katika miaka yake mizuri kabisa, na miezi mingi ya mwaka huwa chini ya 10. Kwa hiyo sayari ndizo pekee zinazohitaji kukuzwa kweli, na hapo lenzi ya Barlow inakuwa na kazi yake halali. Wanaopiga sayari hulenga namba ya f iliyo mara tano hivi ya ukubwa wa pikseli kwa mikromita: pikseli za mikromita 3 zinataka f/15.

Ukikuza kiasi hicho unakutana na hewa. Tabaka za joto na baridi zinazopita juu yetu hupinda mwanga bila kukoma, na sayari inaonekana kama sarafu iliyo chini ya maji yanayotembea. Picha moja, hata uipige kwa kamera ya gharama gani, itanasa mpindo wa sekunde hiyo. Lakini katikati ya mtikisiko huo kuna vipande vidogo vya muda ambapo hewa hutulia. Huwezi kuvitabiri, ila unaweza kuvikamata kwa kurekodi video na baadaye kuchambua fremu moja moja.

Hii ndiyo mbinu iliyowapa watu wa kawaida uwezo ambao zamani ulikuwa wa vituo vikubwa vya utafiti. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wapenzi wa anga walikuwa wakifungua kamera za wavuti kama Philips ToUcam, zilizotengenezwa kwa mazungumzo ya kompyuta, wakatoa lenzi yake ndogo na kuichomeka kwenye darubini. Picha zao za Mshtarii zilipita zile zilizopigwa kwa filamu na darubini kubwa zaidi. Mbinu ni ileile leo. Rekodi dakika mbili kwa fremu 60 kwa sekunde, upate fremu 7,200. Programu ya AutoStakkert!, isiyolipiwa, huzipima zote kwa ukali wa picha, huchagua asilimia unayoitaka, tuseme 20 bora, huzilinganisha sehemu kwa sehemu na kuzirundika kuwa picha moja. Picha inayotoka huonekana laini na isiyo na uhai. Usikate tamaa hapo. Ifungue kwenye RegiStax, nayo bure, na usogeze vidhibiti vyake vya kunoa taratibu. Mikanda ya Mshtarii hujitokeza mbele ya macho yako. Acha kunoa mara tu pete nyeusi inapoanza kuizunguka sayari, maana kuanzia hapo unachoongeza hakiko angani.

Kwa nini dakika mbili na si kumi? Mshtarii hujizungusha mara moja kwa muda usiotimia saa 10. Ukirekodi kwa muda mrefu, alama za usoni zitakuwa zimehama na fremu za mwisho hazitalingana na za kwanza. Zohali haina shida hiyo kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa alama zake ni hafifu na pete zake hazionyeshi mzunguko.

Mwenye darubini ya mtindo wa Dobson, ile inayokaa chini juu ya kisanduku cha mbao na kusukumwa kwa mkono, asidhani amefungiwa nje. John Dobson aliueneza mtindo huo huko San Francisco ili watu wasio na pesa wapate kioo kikubwa, na kwa sayari kioo kikubwa ni neema. Weka sayari ukingoni mwa picha, acha ivuke yenyewe huku ukirekodi, kisha sukuma darubini na uanze tena. Kwa urefu wa fokasi wa milimita 2,400 na kihisi chenye upana wa milimita 5.6, sayari huchukua sekunde 30 hivi kuvuka. Ukirekodi mivuko minne una dakika mbili zako, na programu ya PIPP itaiweka sayari katikati ya kila fremu.

Onyo kuhusu Jua, na hili silisemi kwa kupita. Jua lina mwanga mwingi, na madoa yake hupigwa picha kwa darubini ndogo kabisa, lakini tu kwa kichujio maalumu cha Jua kinachofunika mdomo wa mbele wa darubini na kufungwa kiasi kwamba upepo hauwezi kukitoa. Kichujio hicho hupitisha sehemu moja kati ya laki moja ya mwanga. Vile vidogo vya kufungwa kwenye lenzi ya jicho, vinavyokuja na baadhi ya darubini za bei rahisi, vitupe: vinakaa mahali joto lote linapokusanyika, na vikipasuka jicho linapofuka mara moja. Darubini ndogo ya kulengea nayo ing'olewe au ifunikwe.

Vilivyofifia: hapa ndipo pesa inapoulizwa

Mawingu ya gesi na galaksi yanataka muda. Muda unataka stendi inayofuata anga. Stendi ya kawaida, inayosogea juu na chini, kushoto na kulia, hata ikiwa na mota, huipeleka nyota katikati lakini picha yote hujizungusha taratibu, na baada ya sekunde 15 au 20 nyota za kingoni huanza kuvutika. Stendi ya kiikweta ina mhimili mmoja unaoelekezwa kwenye ncha ya anga, sambamba na mhimili wa Dunia, kwa hiyo mota moja inayosukuma kwa mwendo wa saa 23, dakika 56 na sekunde 4 kwa mzunguko inatosha kuzituliza nyota zote. Kuna jambo wauzaji hawalitaji sana: uzito ulioandikwa kwamba stendi inaubeba ni wa kutazama kwa jicho. Kwa picha, hesabu nusu yake.

Hivyo kwa mwenye bajeti ndogo ushauri wangu unaweza kusikika wa kinyume: kwa vitu vilivyofifia, iache darubini kwanza. Chukua kamera na lenzi ya milimita 50 hadi 135. Kanuni ya 500 inasema, gawa 500 kwa urefu wa lenzi upate sekunde unazoweza kufungua shata bila mota: lenzi ya milimita 50 inakupa 10, darubini ya milimita 1,000 inakupa nusu sekunde, na hata hiyo ni ya ukarimu. Lenzi fupi husamehe makosa mengi ambayo darubini haiyasamehi.

Kifuatilia anga chenyewe unaweza kukitengeneza kwa mbao mbili, bawaba moja na skrubu. Mbao ya chini inafungwa kwenye miguu mitatu, ya juu inabeba kamera, na bawaba inaelekezwa kwenye ncha ya anga. Ukitumia skrubu ya M6, ambayo husogea milimita 1 kwa kila mzunguko, iweke umbali wa karibu milimita 229 kutoka katikati ya bawaba na uizungushe mzunguko mmoja kila dakika. Mbao zitafunguka kwa kasi ileile anga linayozunguka. Kwa mkono na saa yenye mshale wa sekunde, lenzi ya milimita 50 itakupa dakika moja au mbili za nyota zilizotulia. Aliye kaskazini huelekeza bawaba kwenye Nyota ya Kaskazini, ambayo urefu wake juu ya upeo wa macho ni sawa na latitudo ya mahali alipo. Aliye karibu na Ikweta ana ncha zote mbili zimelala kwenye upeo, kwa hiyo hutumia dira iliyosahihishwa na kipima pembe cha simu, kisha huangalia nyota inateleza upande gani na kurekebisha kidogo kidogo.

Ukiwa na darubini yenye ufuatiliaji wa kawaida, anza na Wingu Kuu la Jabari, M42. Kwenye ramani za kimataifa kundi hilo ni Orion. Linang'aa kuliko mawingu karibu yote, na fremu za sekunde 10 hadi 20 zinatosha kuonyesha mabawa yake. Vishada vya nyota vinafuata kwa urahisi. Programu ya Stellarium, ya bure, itakuonyesha kila kimoja kiko wapi saa hiyo na kitajaza kiasi gani cha picha ukiiingizia vipimo vya kamera na darubini yako.

Fokasi ya nyota ina ufumbuzi mzuri kuliko yote ninayoyajua katika fani hii, na unapatikana kwa karatasi ngumu na wembe. Mwaka 2005 Mrusi Pavel Bahtinov alibuni kifuniko cha mbele ya darubini kilichokatwa mistari ya mapengo katika pande tatu tofauti. Lenga nyota yenye mwanga mkali, weka kifuniko, piga picha fupi: nyota itaota miale mitatu, miwili ikikatana kama herufi X na mmoja ukipita kati. Fokasi ikikosewa, mwale wa kati unakaa pembeni ya makutano. Zungusha kitasa kwa upole na utauona ukihama. Unapolala katikati kabisa, fokasi imefika, na huna haja ya kubahatisha. Michoro ya kuchapisha inayolingana na kipenyo cha darubini yako hupatikana bure. Kumbuka tu kukitoa kabla ya kuanza kazi.

Kisha rundika. Kila fremu ina mwanga wa kitu chenyewe, unaojirudia palepale, na chenga za bahati nasibu zinazobadilika kila mara. Ukizijumlisha fremu na kutafuta wastani, kitu kinabaki na chenga zinafutana. Faida hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya fremu: fremu 4 hufanya picha kuwa safi mara 2, fremu 16 mara 4, fremu 100 mara 10. Ndiyo maana asiye na mota nzuri anaweza kupiga fremu fupi 300 na bado akapata picha ya kuheshimika. Fupi hazilingani kabisa na ndefu, kwa kuwa kila fremu huja na chenga za kamera yenyewe, lakini pengo ni dogo kuliko watu wanavyodhani. Siril na DeepSkyStacker hufanya urundikaji huo bila malipo. Piga kwa faili ghafi (RAW). Ukimaliza, funika mdomo wa darubini upige fremu 20 za giza kwa muda na ISO ileile, kisha tandika fulana nyeupe juu ya mdomo, bila kugusa fokasi, upige nyingine 20 za mwanga sawia. Za kwanza huondoa pikseli mbovu, za pili huondoa vumbi na weusi wa kingoni.

Taa za mji hazimsumbui anayepiga Mwezi na sayari hata kidogo. Unaweza kufanya kazi nzuri katikati ya barabara yenye taa. Kwa vilivyofifia, giza lina thamani kuliko kifaa chochote, na safari moja ya nje ya mji hukupa kile ambacho vichujio haviwezi kukupa.

Kama ningekuwa napanga manunuzi kwa mtu anayeanza na kidogo, mpangilio ungekuwa huu. Darubini ya kioo ya milimita 114 hadi 150, iliyotumika ikiwezekana, yenye kioo kikuu cha kweli na stendi isiyotetemeka ukiigusa. Usisogelee ile inayotangazwa kwa kukuza mara 525 au 675. Ukuzaji wenye manufaa hauzidi mara mbili ya kipenyo kwa milimita, kwa hiyo bomba la milimita 60 linaishia 120. Kishikio cha simu kifuate papo hapo. Kisha Barlow na kamera ndogo ya sayari, au kamera kubwa iliyotumika, kutegemea kilichokuvuta kati ya sayari na mawingu. Stendi ya kiikweta yenye mota ije mwisho, ukiwa umejua kwa nini unaihitaji. Siku hizi kuna pia darubini ndogo za kujiendesha, kama Seestar S50 yenye lenzi ya milimita 50, zinazotafuta, kufuatilia na kurundika zenyewe kwa amri ya simu. Kwa mawingu na galaksi zinafanya kazi ya kweli na kwa jumla hugharimu chini ya seti kamili ya kiikweta, lakini kwa sayari kipenyo hicho ni kidogo mno.

Jambo la mwisho la kutengewa fungu ni diski ya kuhifadhia. Dakika mbili za video isiyobanwa hujaza gigabaiti kadhaa, na kishawishi ni kufuta mara tu picha inapotoka. Hifadhi fremu ghafi za usiku ule hewa ilipotulia, pamoja na zile za giza na za mwanga sawia. Programu za kurundika na kunoa zinaboreshwa kila mwaka na mkono wako nao unazizoea, na fremu zilezile zikipitishwa upya huweza kutoa mikanda na mashimo ambayo mara ya kwanza hayakuonekana.